Mfupa wa Darasa la Kwanza

Mwalimu Abdunoor alikuwa ameshainuka nusu kitini, koti limefungwa vifungo na tabasamu limewekwa tayari, pale jina la mke wake lilipotajwa kwenye maiki.

Ikawa shida. Kuketi tena ni aibu, kusimama hana sababu. Watu waliojaa chini ya turubai katika uwanja wa Shule ya Msingi Hidaya, bondeni mwa kilima cha Nsambya, walikuwa wakimtazama yeye, maana ndiye mwalimu mkuu na ndiye aliyeinuka. Basi akanyoosha mkono akavuta kitambaa cha meza ya wageni upande wa kushoto, kana kwamba kilikuwa kimekaa vibaya, akakivuta tena upande wa kulia, akaketi. Soda ya mwenyekiti wa kamati ikamwagika. Mwenyekiti huyo, Haji Uthman, kaka yake wa tumbo moja, akacheka kwa pua.

"Mwalimu wangu ni Madam Latifah," mgeni wa heshima akarudia, kwa kuwa makofi ya kwanza yalikuwa machache. "Yule wa darasa la kwanza. Aje hapa mbele, tafadhali."

Latifah alikuwa nyuma kwenye masufuria, akihakikisha pilau haliungui. Alikuja akijifuta mikono kwenye gurbaba lake la rangi ya chungwa, lile vazi ambalo kina mama wa Kinubi hulitoa sandukuni siku za shughuli. Alitembea polepole, kama mtu aliyeitwa kuulizwa nani amevunja kikombe.

Mgeni huyo aliitwa Moreen Akoth. Baba yake, Oloo, alikuwa Mjaluo kutoka Kenya aliyeuza mabeseni ya plastiki katika soko la Kikuubo, na binti alisoma Hidaya tangu darasa la kwanza hadi la saba. Sasa alikuwa mkubwa wa chuo kimoja huko Gulu kinachofundisha walimu wa watoto wadogo. Wiki tatu nyuma alimpigia simu Abdunoor akasema angependa kuja Siku ya Shukrani, amshukuru mbele ya watu mwalimu aliyemfungua macho. Jina hakulitaja, na Abdunoor hakuliuliza. Mtu haulizi jina lake mwenyewe. Alikata simu, akaenda Nakivubo kununua tai.

"Nilikuja hapa najua Kijaluo na Kiswahili ya soko," Akoth alisema. "Kizungu sikuwa nacho hata kidogo. Kila siku nilikuwa navaa mfupa."

Watu wakacheka, na wale waliosoma hapo wakajishika shingo. Mfupa wa Hidaya ulijulikana: muundi wa ng'ombe uliotobolewa na kutiwa kamba ya katani. Mtoto akisikika anazungumza lugha ya kwao ndani ya uwanja wa shule, anavishwa, na atauvaa mpaka kengele ya kwenda nyumbani, isipokuwa amnase mwenzake anayezungumza lugha ya kwao na kumpokeza. Abdunoor mwenyewe ndiye aliyeuleta, mwaka wake wa kwanza wa ukuu, baada ya kuuona katika shule moja kubwa aliyokuwa akiitamani. Hata sasa ulikuwepo. Siku hiyo tu ulikuwa umefichwa kabatini kwa ajili ya wageni.

"Mlangoni Madam alikuwa ananivua," Akoth akaendelea. "Halafu anavaa yeye. Anafundisha akiwa nayo kwa shingo mpaka kipindi iishe. Mimi nilijifunza kusoma haraka juu nilikuwa nataka Madam aivue."

Abdunoor akatazama viatu vyake. Miaka yote hiyo hakujua. Alikuwa na kawaida ya kugonga mlango wa darasa kwa fimbo kabla ya kuingia, na mwanamke mwenye akili ana nafasi ya kutosha kuvua kamba shingoni kati ya mlango kugongwa na mlango kufunguka.

Kisha Akoth akatoa alichokuja nacho. Chuo chake kilikuwa na nafasi moja kwa mwalimu mzoefu: miaka miwili Gulu, ada na malazi vimelipwa, diploma mwishoni, na baada ya hapo ajira ya kufundisha walimu, au kurudi Hidaya, atakavyopenda mwenyewe. Nafasi hiyo alitaka aichukue Madam Latifah. Alihitaji jibu ifikapo Ijumaa, kwa sababu muhula ulikuwa unafunguliwa.

Latifah alifungua mdomo. Hakuna anayejua angesema nini, kwa kuwa mume wake alikuwa ameshaichukua maiki.

"Sisi kama familia tunashukuru sana," Abdunoor akasema, na sauti yake ilikuwa nzuri, sauti ya mtu aliyezoea mikutano. "Lakini Madam Latifah ndiye nguzo ya hii shule. Akienda, nani atakaa na watoto? Nafasi hiyo wapewe vijana. Yeye ameshatosheka na kazi yake."

Wazazi wakapiga makofi. Walidhani ni sifa. Latifah akaitazama mikono yake, ambayo bado ilinukia vitunguu, akarudi kwenye masufuria.

*

Zawadi zilipogawiwa, Akoth alimpa Latifah kitenge na mtandio wa hariri. Wanakamati wote walipewa saa za ukutani, za plastiki, zote za aina moja. Abdunoor naye alipewa saa. Alisimama nayo mkononi, katikati ya mwenye duka la simenti na yule mzee wa kamati ambaye huja mikutanoni kwa ajili ya chai, na hakuna chochote kwenye saa yake kilichoonyesha kwamba yeye ndiye aliyeijenga shule.

Na aliijenga kweli, tusimnyime haki yake. Aliikuta ikiwa vyumba vitatu vya mabati ubavuni mwa msikiti. Alibisha hodi nyumba kwa nyumba, kwa Wanubi, kwa Waganda, kwa askari wa kambi ya polisi, kwa Wakenya wa sokoni, akiwasihi wawaachie watoto wasome. Mwaka ambao Oloo alitaka kumtoa Akoth darasa la tano ili akae na mabeseni, ni Abdunoor aliyekwenda Kikuubo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akasimama juani akibembeleza, na mwishowe akamruhusu mtoto asome bila ada. Akoth hakuwahi kuambiwa. Abdunoor alidhani mambo hayo hujulikana yenyewe, kama harufu ya mkate.

Sasa alikuwa akiwaona wazazi wamejipanga kumshika mkono mke wake. Mama mmoja wa Kiganda alimkumbatia akalia kidogo. Mwingine akasema chanda chema huvikwa pete, na Latifah akajibu "Bambi, asante nyabo," yaani asante mama, kwa Kiganda, kwa sauti ndogo. Kila mkono uliomshika Latifah, Abdunoor aliuhesabu kama umetolewa mfukoni mwake. Alijua ni wivu. Alikuwa mtu wa dini na alijua jina la kila ugonjwa wa moyo. Alichokosa ni dawa.

"Saa yako inakwenda?" Haji Uthman akamuuliza, akitikisa yake sikioni. "Yangu naona imesimama."

*

Nyumba yao ilikuwa karibu na majumba ya reli, vyumba viwili na sebule, na mama mzazi wa Abdunoor, bibi Kulusum, alikuwa ameketi mkekani akisuka tabaga, kile kifuniko cha chakula cha rangi rangi ambacho bila yake meza ya Mnubi iko uchi. Magoti yalikuwa yamemkatalia kwenda shuleni, lakini habari zilikuwa zimefika kabla ya wenyewe. Jirani alizipitisha dirishani.

Latifah akawapakulia chakula kama kawaida. Abdunoor alisubiri aseme kitu. Aliposhindwa kusubiri, akaanza mwenyewe. Akasema Gulu ni mbali. Akasema mama ni mzee. Akasema walimu wapya hawana subira na watoto, na wazazi wataondoa watoto wao. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na alizipanga vizuri, maana kupanga hoja ndiyo kazi yake. Latifah akaendelea kula. Basi hoja zikamwishia, kikabaki kile kilichokuwa chini yake.

"Wewe unajua mimi niliomba Oloo mara ngapi?" akasema. "Nilikwenda Kikuubo na miguu yangu. Leo ametaja jina yangu? Hata mara moja?"

"Hakutaja," Latifah akasema.

"Basi. Asante ya punda ni mateke."

Latifah alinawa mikono kwanza, akaikausha kwa utaratibu, kidole kwa kidole.

"Mwaka ile ulikwenda chuo, barua ya nafasi zilikuja mbili," akasema. "Yako na yangu. Pesa ilikuwa ya mtu moja. Tulisema zamu: wewe kwanza, mimi nafuata. Nimengoja. Sikukuuliza hata siku moja, nilisema mtu mzima anakumbuka. Leo zamu imekuja na miguu yake, wewe umeifukuza mbele ya watu. Halafu unataka shukrani. Mimi nani alinishukuru?"

Abdunoor akakimbilia hasira. Akasema hayo ni mambo ya zamani, kwamba watoto walizaliwa, kwamba maisha yalibadilika, kwamba yeye ndiye kichwa cha nyumba na kichwa cha shule. Latifah alikuwa ameshaondoka na vyombo.

Bibi Kulusum akavuta uzi mwekundu, akaukata kwa meno.

"Wewe ulizaliwa hivyo," akamwambia mwanawe, bila ukali. "Uthman alitahiriwa, tukampikia kuku. Wewe mtoto mdogo, ukalia siku nzima unataka kutahiriwa. Nikakuambia inauma. Ukasema sijali, mimi nataka kuku."

*

Jumatatu asubuhi shule nzima ilipanga mistari uwanjani. Ilikuwa kawaida ya Abdunoor, wiki inayofuata Siku ya Shukrani, kuwahutubia watoto juu ya mambo matatu: shukrani, makusudi na fursa. Hotuba ilikuwa yake mwenyewe, hakuiiba popote, na aliipenda. Alikuwa akisema kwamba asiyeshukuru hujaza mtungi uliotoboka. Alikuwa akisema kwamba kila mtoto ameletwa duniani na kazi yake, na shule ni mahali pa kuitafuta kazi hiyo. Na fursa, alikuwa akisema, ni mgeni asiyekula kwako. Ukichelewa kufungua mlango, anakwenda kwa jirani.

Alikuwa amefika kwenye fursa pale alipowaona watoto hawamtazami yeye.

Walimu walikuwa wamesimama upande wa kulia, kama siku zote. Latifah alikuwa wa tatu. Alivaa gauni la kazi la buluu na mtandio mweupe, na juu ya mtandio, kifuani, ulining'inia mfupa.

Abdunoor akasema fursa ni mgeni. Akasema tena fursa ni mgeni. Watoto mia tatu walisubiri kusikia mgeni huyo amefanya nini. Mwishowe akasema waingie madarasani, wakaingia kwa minong'ono ambayo hakuna aliyejaribu kuikemea.

Mwalimu Anena wa darasa la pili, Mwacholi mchangamfu ambaye hawezi kukaa na swali, alimfuata Latifah mpaka mlangoni akamuuliza nani amemnasa.

"Nimejinasa mwenyewe," Latifah akamwambia. "Jumamosi niliulizwa kitu yangu mbele ya watu, nikanyamaza. Kama mtoto anavaa kwa sababu amesema, mimi navaa kwa sababu sikusema."

Kufikia mapumziko ya uji maneno hayo yalikuwa yamepita kila darasa. Kufikia saa ya chakula mpishi alikuwa nayo, mlinzi alikuwa nayo, na mama anayeuza mandazi getini alikuwa anawauzia wateja maneno hayo pamoja na mandazi.

Jioni kengele ilipogongwa, Latifah aliuvua mfupa akautundika msumarini. Jumanne akauvaa tena. Jumatano vilevile. Nyumbani hakununa wala hakugombana. Salamu ya mumewe aliijibu, kwa kuwa salamu ni ya Mungu; chai alimtilia, nguo alimpigia pasi. Maneno mengine yote alimpa mama mkwe.

Na huko shuleni likazuka jambo ambalo Abdunoor hakulitazamia. Mfupa ulikuwa mmoja, na ulikuwa shingoni mwa mwalimu. Basi hapakuwa na cha kumvisha mtoto. Alikaa ofisini kwake akasikia kupitia dirishani uwanja wote unazungumza: Kiganda, Kiacholi, Kinubi, Kijaluo, Kiswahili cha kambini. Watoto ambao alidhani ni wapole kwa asili walikuwa wanapiga kelele, wanatania, wanabishana juu ya mpira kwa lugha nne. Alisimama mlangoni na fimbo yake. Walimwona, wakanyamaza. Latifah akatokea mlango wa darasa lake, akainua mkono, nao wakajipanga mstari wakicheka. Hakuwa na fimbo. Hakuwahi kuwa nayo. Abdunoor alirudi ndani akafunga dirisha, na ingawa joto lilimtoa jasho, hakulifungua.

*

Alhamisi alikwenda Kikuubo kumwona kaka yake. Haji Uthman aliuza sabuni na biskuti kwa jumla, katika duka jembamba ambalo ili mmoja aingie lazima mwingine atoke. Wapagazi walipita na maboksi vichwani wakipiga miluzi ya kuomba njia. Abdunoor alikaa juu ya katoni za sabuni akaletewa chai, akaeleza yote: mfupa, minong'ono, na kesho ndiyo Ijumaa, Akoth anakuja kuchukua jibu. Alitegemea kupewa ushauri. Alichopewa ni kuungwa mkono, na mara nyingine hicho ndicho kibaya zaidi.

"Ulifanya vizuri kukataa," Haji Uthman akasema. "Mimi mwenyewe nilitaka kukuambia. Latifah akirudi na karatasi kama yako, na watu tayari wanampenda kukuzidi, sisi kamati tutasema nini? Utakuwa unabeba mkoba yake. Na huyu analipwa kidogo, halalamiki. Mwalimu mpya ataomba mara mbili. Mwanamke kama huyo unamwacha aende wapi?"

"Si hivyo," Abdunoor akasema. "Mimi nafikiria watoto."

"Kale, haya, fikiria watoto." Haji Uthman akamwongeza sukari, kwa upendo kabisa. "Mimi ni ndugu yako, usinifiche. Ni wivu. Wivu si kitu mbaya. Wivu ndiyo inalinda nyumba."

Chai ilikuwa tamu mno, lakini Abdunoor aliimaliza. Hakuna kilichosemwa hapo ambacho hakuwa amekwisha kujiambia mwenyewe usiku, kitandani, ameupa mgongo ukuta. Ila ndani ya kichwa chake mambo hayo yalikuwa na heshima kidogo. Kinywani mwa Uthman, katikati ya sabuni, yalikuwa kama yalivyo.

Alipotoka alipitia uchochoro wa vyombo, ingawa haukuwa njia yake. Mahali alipokuwa akiuzia Oloo sasa palikuwa na kijana wa Kikongo mwenye sufuria za alumini. Abdunoor alisimama palepale aliposimama miaka ile. Alikumbuka jua, na jinsi Oloo alivyokuwa akipanga mabeseni bila kumtazama, makubwa chini, madogo juu. Oloo hakuwa baba mbaya. Hakusema kwamba msichana hana akili, wala kwamba shule ni upuuzi. Alisema jambo moja tu, na alilisema kila mara Abdunoor alipokwenda: akienda, nani atakaa na mabeseni?

Kijana wa Kikongo alimuuliza mzee anataka sufuria ya saizi gani. Abdunoor alimtazama kama hakuelewa lugha. Kisha akaomba radhi, akaenda zake.

*

Ijumaa baada ya swala alivaa koti na ile tai ya Nakivubo. Alikuwa ametunga sentensi moja ya Kiingereza, ndefu, yenye heshima, ikieleza kwamba uongozi wa shule umeitafakari upya nafasi hiyo na hauna pingamizi lolote. Aliirudia njia nzima kutoka msikitini. Ilikuwa sentensi nzuri: ndani yake hapakuwa na mume, wala mke, wala kosa la mtu.

Fimbo aliiacha ofisini. Alikuta mlango wa darasa la kwanza uko wazi, hakugonga.

Latifah alikuwa ubaoni, chaki mkononi, mfupa kifuani, na watoto walikuwa wakisoma kwa sauti habari za paka na mkeka. Walipomwona mwalimu mkuu walisimama wote wakamwimbia salamu ya Kiingereza. Kisha Latifah akamgeukia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka, na alikuwa anangoja, na Abdunoor aliona kwamba sura hiyo ya kungoja haikuanza Jumamosi. Alikuwa ameiona miaka mingi akidhani ndiyo sura yake.

Sentensi ya Kiingereza ikampotea. Aliitafuta, haikuwepo. Kilichomtoka kilikuwa Kinubi, lugha ya mama yake, lugha ya jikoni.

"Latifah," akasema. "Ruwa."

Nenda. Hakuongeza kitu.

Mstari wa mbele kabisa alikaa msichana aitwaye Santa, mwenye pengo la meno mawili. Santa aliijua sheria, maana alishauvaa mfupa mara nyingi. Akainua mkono mmoja, akamwelekezea mwalimu mkuu kidole; mkono wa pili aliuweka mdomoni mwake mwenyewe, asije akanaswa naye.

Darasa zima likamtazama Madam.

Latifah aliweka chaki chini. Akainamisha kichwa, akatoa kamba juu ya mtandio wake, akaja mpaka mlangoni. Abdunoor alikuwa mrefu kuliko yeye, ikabidi ainame. Kamba ikapita masikioni, ikatulia juu ya tai. Mfupa ulikuwa na joto la kifua cha mke wake, na ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Miaka yote hiyo ya kuwavisha watoto hakuwahi kuujaribu.

Angeweza kwenda ofisini akauvua. Hakuna ambaye angethubutu kumfuata. Badala yake alitoka akasimama uwanjani, chini ya madirisha ya madarasa, na madirisha yakajaa nyuso. Hapakuwa na kicheko. Watoto wakubwa walimtazama kwa uangalifu, jinsi wanavyomtazama mgeni darasani ambaye bado hawajui kama ni mkali.

Akoth alifika akamkuta hapo. Alishuka garini akitabasamu, akaja, akauona mfupa, tabasamu likasimama njiani. Lakini alikuwa binti aliyelelewa, akapiga goti kidogo kumsalimu kama zamani.

"Mwalimu, nimekuja kwa lile jibu," akasema.

Abdunoor alikuwa na maneno tayari ulimini. Alikuwa amekaa nayo wiki nzima. Mimi nilimwomba baba yako. Mimi nilisimama juani. Bila mimi ungekuwa unauza mabeseni mpaka leo. Yalikuwa maneno ya kweli na alikuwa na haki ya kuyasema, na hapakuwa na siku nyingine ambayo yangesikika vizuri zaidi. Aliyameza. Hayakushuka kwa urahisi. Tuseme ukweli, mengine hayajashuka mpaka leo, na jina la Akoth likitajwa kwenye mikutano ya walimu bado anavuta kitambaa cha meza.

"Usiniulize mimi," akamwambia. "Muulize mwenyewe."

Latifah alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa, watoto wawili wamemshika gauni. Akoth akamwendea. Hakuuliza kwa maneno mengi, na Latifah hakumjibu kwa maneno mengi.

"Nitakwenda," akasema.

Akasema tena, kwa sauti, ili yeye mwenyewe aisikie. Akoth akamkumbatia, mikufu ikanasana, wakacheka wakiichomoa. Anena akatoka darasa la pili akapiga kigelegele cha Kiacholi kilichoamsha mbwa wa mlinzi, na hakuna aliyemvisha kitu.

Wakati huo wazazi walikuwa wameanza kufika getini kuchukua watoto. Mama wa mandazi alisimamisha biashara. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki wapate kuona vizuri. Hata Haji Uthman alikuwepo, amekuja kumtia ndugu yake moyo, na sasa alikuwa amesimama nyuma ya watu akijifanya anasoma kibao cha shule. Katikati ya uwanja mwalimu mkuu alisimama na koti lake, na tai, na mfupa wa ng'ombe.

Akoth aliona haya kwa niaba yake. Akamsogelea Latifah sikioni.

"Madam, na Mwalimu?" akauliza. "Nimvue ile kitu? Watu wanajaa."

Latifah akamtazama mume wake, na Abdunoor akamtazama yeye. Sura ya Latifah haikuwa ya chuki, na wala hakuwa na haraka. Kisha akatazama ukutani mwa ofisi, kule inakoning'inia ringi ya gari ambayo ndiyo kengele ya Hidaya, na mlinzi alikuwa bado hajaifikia.

"Bado kengele," akasema, akarudi ndani kumalizia somo.